Tangazo la Miaka Hamsini

Kwetu Bulgaria wafu hubandikwa mlangoni.
Karatasi moja, picha, jina, na hesabu:
siku arobaini, miezi sita, mwaka, miaka kumi
tangu atutoke. Mimi ndiye nizichapaye.
Kabla ya kahawa ya pili huwa nimeshazika watatu.

Jumanne akaingia Nedyalka wa dirisha la posta,
sare bado mwilini, kidole cha shahada cheusi kwa wino wa muhuri.
Hakukaa. Alikunjua kitambaa cha miwani,
na ndani yake stempu moja, mpya, meno yake yote kamili:
bwawa la samawati isiyopata kuonekana huku,
ukuta mweupe, chepeo ya mhandisi,
na maandishi ya dhahabu: MIAKA HAMSINI YA NURU.
"Nimeuza mia mbili tangu asubuhi," akasema.
"Wanairamba mgongo, wanasema ni tamu."

Nikangoja. Kazi hii imenifunza kungoja;
mfiwa hafiki kwenye neno kwa njia ya mkato.

"Nataka tangazo."
La nani?
"La Dolni Krushak."

Nimechapa majaji, wezi wa kuku, mapacha wa siku moja.
Sijawahi kuchapa kijiji.
Nikashika kalamu, nikauliza kama niulizavyo wote.
Umri? Hakuna aliyehesabu. Kanisa lilikuwa na mia tatu na kitu.
Sababu? Umeme.
Wafiwa?
Hapo akanyamaza, kisha akaanza kutaja
na mkono wangu haukumfikia: Rangel fundi mapipa,
Kalina mjane wa kinuni,
ndugu wawili waliogombea mpeasi mmoja
hadi maji yakaja kuwaamua.
Wengi wao niliwachapa mimi mwenyewe, mmoja mmoja,
nisijue kuwa walikuwa wa msiba mmoja.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yalizoleka. Yalizolewa kutoka bonde zima,
yakazungushiwa ukuta, yakapewa jina na tarehe,
na sasa yana stempu.

Na picha? Tangazo lisilo na uso halisomwi.
Hana picha. Siku ya kuhama
sanduku la picha lilipanda lori lisilo lao.
Akaisukuma stempu mezani kwa ncha ya ukucha.
"Weka hii. Wamo humo. Chini."

Nikaikuza mara ishirini. Ukiikuza stempu hivyo
maji hayabaki maji. Ni vitone, vya bluu na vyeupe,
kila kimoja peke yake, havishikani.
Nikatafuta katikati yake, kama mjinga,
paa, dohani, kamba ya kuanikia nguo.

Nakala sitini. Leva kumi na mbili. Sikupokea.
Hapana, nilipokea mbili, za gundi.

Alhamisi zilikuwa kwenye nguzo za taa,
kwenye mlango wa duka la mikate, kwenye kituo cha basi
ambapo wazee husoma matangazo kuona nani amewatangulia;
na moja kwenye mlango wa posta wenyewe,
imefunika nusu ya bango la sherehe.
Mkuu wake alisimama akaisoma yote.
Akaangalia saa. Akasema mvua itaiondoa.
Mvua haikunyesha wiki ile.

Jioni, wakati wa kufunga, nikamwona kupitia kioo changu:
Nedyalka ametoka na muhuri wa tarehe mkononi.
Akaupumulia kidogo, akapima mahali,
akapiga mara moja, kwenye pembe ya yale maji,
kama apigavyo barua zote,
ili isitumike tena.